Namba ya Tano ya Parseli

Mtu akiniletea karatasi ya parseli yenye namba nne, swali langu la kwanza ni moja: ya tano iko wapi? Wengi hubaki wananitazama. Parseli ina mbele, nyuma, kulia na kushoto. Kila upande umepimwa na kuandikwa, mashahidi wametia sahihi, muhuri umegongwa. Namba ya tano itoke wapi tena?

Itoke katikati. Ni urefu wa ulalo, yaani mstari ulionyooka toka kona moja, ukapita ndani ya kiwanja, ukaishia kona inayoelekeana nayo. Bila ulalo, karatasi yenye pande nne haijasema parseli ina umbo gani, wala haijasema ina ukubwa gani. Nalisema kwa uzito, maana nimeona majirani wakinuniana miaka na miaka kwa ajili ya karatasi ya namna hiyo, na kila mmoja akiwa na haki kwa mujibu wa namba zilizoandikwa.

Nafundisha hesabu katika shule ya sekondari hapa Baraka, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, wilaya ya Fizi. Mpimaji rasmi ni mtu wa ofisi ya ardhi, si mimi. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ya Kongo ni mali ya dola, na haki ya mtu juu ya kiwanja chake inathibitishwa na cheti cha uandikishaji. Lakini wengi wetu huku hatuna cheti hicho. Tuna karatasi ya mauzo iliyoandikwa kwa kalamu, au tuna neno la wazee tu. Kwa kuwa nina utepe wa chuma wa mita 50, watu huniita: "Mwalimu, njoo utupimie kabla hatujagombana." Wakati mwingine nafika wameshagombana.

Darasani jambo hili naanza nalo kwa matete. Nawaambia wanafunzi wakate ufukweni vipande vinne, viwili vya sentimita 30 na viwili vya sentimita 20, wavifunge ncha kwa ncha kwa uzi. Ukiviweka mezani vizuri unapata mstatili: kona zote nne ni pembe mraba, na eneo la ndani ni sentimita za mraba 600. Sasa sukuma kona moja ya juu polepole kwa kidole. Umbo linaegemea. Limekuwa msambamba, pande zinazoelekeana bado ziko sawa, bado zinakwenda sambamba, ila kona mbili zimekuwa kali na mbili zimekuwa butu. Endelea kusukuma. Umbo linazidi kulala hadi matete yote manne yanalaliana mezani kama fungu la kuni. Hakuna tete lililofupishwa wala kurefushwa. Pande ni zilezile, na ndani hakuna kitu.

Halafu wafunge matatu. Hapo darasa linanyamaza, kwa sababu kila mtu anasukuma na hakuna kinachosogea. Pembetatu ikishajua pande zake tatu, imejua kila kitu: kona zake, eneo lake, umbo lake lote. Euclid aliliandika hilo katika kitabu cha kwanza cha *Elementi* yapata miaka 2,300 iliyopita, kwamba pembetatu mbili zenye pande tatu sawasawa ni pembetatu moja. Pembenne haina bahati hiyo. Wala pembetano, wala pembesita, wala umbo lolote la pembe nyingi zaidi ya tatu. Yote hayo yanalegea kwenye kona mpaka uyafunge kwa milalo.

Wavuvi wetu wanaishi kwa kutegemea kulegea huko. Shika wavu uliotandazwa mchangani asubuhi utazame jicho moja kwa karibu. Ni vifundo vinne na vipande vinne vya uzi vyenye urefu mmoja. Ukiuvuta wavu kwa urefu, jicho linafumba kabisa. Ukiulegeza kwa upana, linafumbuka, na linakuwa wazi kuliko wakati wote kona zake zikiwa pembe mraba. Ukizidi hapo linaanza kufumba tena kwa upande wa pili. Ndiyo sababu anayefunga wavu kwenye kamba ya juu hachukui mita moja ya wavu kwa mita moja ya kamba. Anachukua wavu mrefu zaidi na kuukunja kidogo kidogo. Wavu wa mita 10 uliovutwa hadi macho yakafumba, ukifungwa kwenye kamba ya mita 7 hivi, macho yake yanakuwa karibu mraba. Akiufunga kwenye kamba ya mita 5 yanakuwa membamba na marefu. Na ukubwa wa jicho hupimwa likiwa limevutwa, kifundo hadi kifundo, kwa sababu hicho ndicho kipimo kisichobadilika. Jicho lililo wazi halina upana mmoja wa kuandika.

Seremala naye anafanya kinyume: anaua ulegevu. Mlango wa mbao ukitengenezwa kwa fremu ya pande nne pekee, baada ya msimu mmoja wa mvua unaanza kuburuza chini. Akipigilia ubao mmoja wa mshazari toka kona ya chini hadi ya juu, pembenne imegeuka pembetatu mbili na mlango hauinami tena. Paa la mabati ni hivyohivyo, miti yake yote inagawana pembetatu. Fundi mwashi akipanga msingi hapa Baraka anapima milalo miwili kabla ya kuchimba. Pande zinazoelekeana zikiwa sawa na milalo miwili ikiwa sawa, nyumba ni mstatili, hakuna ubishi. Milalo peke yake haitoshi, kwa sababu kuna trapeza yenye milalo sawa ambayo mbele yake ni nyembamba kuliko nyuma. Mafundi wazuri wanalijua hilo bila kuliita jina.

Ajabu ni kwamba fundi huyo huyo anayepima milalo ya msingi wa nyumba, akienda kununua kiwanja anakubali karatasi ya pande nne.

Tuchukue parseli ya mita 20 kwa 30, kipimo ambacho watu wengi wanakitaja. Ikiwa na pembe mraba, ina mita za mraba 600, na ulalo wake ni mita 36 na sentimita 6. Iinamishe kidogo mpaka kona yake kali iwe nyuzi 75, kiasi ambacho jicho la mtu aliyesimama barabarani halikitambui kwa urahisi. Eneo limeshuka hadi mita za mraba 580 hivi, na milalo imekuwa mita 31.5 na mita 40. Iinamishe hadi nyuzi 60: eneo ni 520, milalo ni mita 26.5 na mita 43.6. Karatasi ya zote tatu inasema kitu kilekile, ishirini, thelathini, ishirini, thelathini. Mita za mraba 80 ni nyumba ya vyumba vitatu na ukumbi. Zimepotea, na kwenye karatasi hakuna aliyedanganya.

Kwingine huenda jambo hili ni la darasani tu. Hapa Fizi ni la maisha, na sababu yake ni vita. Mwaka 1996 watu wengi wa wilaya yetu walivuka ziwa kuingia Kigoma. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka huo, na huko ndiko nilikojifunza meza ya kuzidisha. Oktoba 2005 Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lilianza kuwarudisha watu kwa meli, toka bandari ya Kigoma hadi hapa Baraka. Nasi tukarudi kwa njia hiyo. Waliorudi walikuta nini? Uzio wa minyaa uliokuwa unafika kiunoni umekuwa msitu, au umekatwa. Michikichi iliyokuwa alama za mipaka imeanguka. Nyumba za udongo zimerudi kuwa udongo. Aliyebaki alikuwa amelima palipokuwa wazi, na hilo halikuwa kosa, watu walipaswa kula. Kisha mwenyewe anashuka melini na karatasi iliyokunjwa ndani ya mfuko wa plastiki, yenye namba nne.

Kesi moja naikumbuka kwa vipimo vyake, na naieleza kwa sababu imebeba hesabu yote. Karatasi ilisema: upande wa barabara mita 12, upande mmoja wa kushuka mita 16, mwingine mita 21, upande wa kijitoni mita 13. Mawe mawili ya barabarani yalikuwepo, hayajaguswa. Tuyaite A na B. Kona mbili za chini, C iliyo chini ya B na D iliyo chini ya A, zilikuwa zimepotea. Mwenye kiwanja alikuwa marehemu; watoto wake waliorudi walisema uzio wa jirani umeingia kwao. Jirani akasema, "Pimeni." Tukapima toka B kufuata uzio wake: mita 16 kamili. Toka kona hiyo hadi mahali alipoonyesha kuwa ni D: mita 13. Toka hapo kurudi A: mita 21. Namba zote nne zilitimia. Watoto wa marehemu wakakasirika, jirani akakunja mikono.

Nikaomba tupime na ulalo, toka A hadi hiyo kona ya jirani. Ulikuwa mita 18. Kama kiwanja kingekaa vingine, kwa pande hizohizo, ulalo ungeweza kuwa mita 20, au 22, au 16. Kila ulalo na kiwanja chake. Kwa mita 16 kina mita za mraba 193. Kwa 18 kina 210. Kwa 20 kina 222. Karatasi ilikuwa na viwanja visivyo na idadi, na jirani alikuwa amesimama kwenye kimojawapo. Kilichokuwa kinakosekana ni taarifa moja ya ziada, yoyote ile, ya kukifunga.

Shangazi wa watoto wa marehemu alikuwa ameketi kwenye kiti chini ya mwembe, mama mzee ambaye hakuwa amesema lolote tangu asubuhi. Nikamwendea, nikamwamkia, nikamwuliza kiwanja kilikaaje zamani. Akanijibu, "Mwanangu, michikichi ya kaka yangu ilikuwa safu mbili, huku moja na huku moja. Zote zinashuka toka barabarani, zinakwenda sambamba mpaka kijitoni. Hii ya huku ilikuwa fupi, maana kijito kinapinda."

Alikuwa amenipa taarifa ya tano.

Pembenne yenye pande mbili tu zinazokwenda sambamba ni trapeza. Na trapeza ambayo pande zake sambamba hazilingani ina siri moja ambayo msambamba hauna: ukizijua pande zake nne, na ukajua zipi ndizo sambamba, imefungwa, hailegei tena. Tazama kwa nini. Upande mfupi wa kushuka ni 16, mrefu ni 21. Usogeze ule mfupi kwa akili, bila kuugeuza, hadi ulale juu ya ule mrefu. Unaobaki ni mita 5. Sasa una pembetatu: mita 5 hiyo iliyobaki, mita 12 ya upana uliosogea nao, na mita 13 ya kijitoni. Pembetatu ya pande tatu zinazojulikana. Na hii ina neema zaidi, kwa sababu 5 mara 5 ni 25, 12 mara 12 ni 144, ukijumlisha ni 169, na 13 mara 13 ni 169. Hiyo ni kanuni ya Pythagoras, na maana yake kuna pembe mraba. Basi pande zote mbili za kushuka zilitoka barabarani kwa pembe mraba, zikienda sambamba kama alivyosema shangazi. Aliyepima zamani alikuwa mtu makini, maana kumbukumbu ya mama mzee na namba ya 13 kwenye karatasi zilithibitishana bila kujuana.

Kutoka hapo kazi ilikuwa ya kamba. Ikiwa kona ya B ni mraba, ulalo wa A hadi C ni mita 20, kwa kuwa 12 mara 12 na 16 mara 16 zikijumlishwa ni 400. Mtu mmoja akashika ncha ya kamba ya mita 20 kwenye jiwe A, mwingine kamba ya mita 16 kwenye jiwe B, wa tatu akazivuta zote mbili zikakazana, na pale zilipokutana akapiga kigingi. Kamba mbili zilizokazwa hazikutani mahali pawili upande mmoja wa barabara. Hiyo ndiyo C. Kwa njia hiyohiyo, mita 21 toka A na mita 13 toka C, tukaipata D. Jirani mwenyewe ndiye aliyeshika ncha ya utepe, nilimwomba makusudi. Uzio wake ulikuwa umeingia zaidi ya mita 3 kule chini, na mahali alipoonyesha D palikuwa pamezidi kuingia kwa jirani wa upande wa pili kwa kiasi hichohicho. Kiwanja kizima kilikuwa kimeegemea, kama matete ya darasani. Wazee walikaa, wakapanga muda wa kuhamisha minyaa.

Eneo je? Kiwanja chochote cha pembenne ukikigawa kwa ulalo ni pembetatu mbili, na pembetatu yenye pande tatu zinazojulikana ina kanuni yake, iliyoachwa na Heron wa Aleksandria, nchini Misri, katika karne ya kwanza. Jumlisha pande tatu, gawa kwa mbili, hiyo nusu iweke kando. Toa kila upande kwenye hiyo nusu. Zidisha nusu kwa matokeo yote matatu, kisha tafuta kipeuo cha pili. Pembetatu ya upande wa kijitoni ina pande 13, 20 na 21. Jumla ni 54, nusu ni 27. Ukitoa unapata 14, 7 na 6. 27 mara 14 mara 7 mara 6 ni 15,876, na kipeuo chake ni 126. Pembetatu ya pili, 12, 16 na 20, inakuja 96. Jumla mita za mraba 222. Asiye na kikokotoo achore kiwanja kwenye karatasi ya miraba, sentimita moja kwa mita moja, kwa kutumia kompasi, kisha apime kimo cha kila pembetatu na kuzidisha nusu ya kitako kwa kimo. Atakosea kidogo, lakini hatakosea kwa kiasi cha nyumba.

Wengi hawafanyi hivyo. Wanachukua pande mbili zinazoelekeana wanatafuta wastani, za pili nazo wastani, halafu wanazidisha. Kwa kiwanja chetu: wastani wa 12 na 13 ni 12.5, wastani wa 16 na 21 ni 18.5, jawabu ni 231.25. Zimezidi mita za mraba 9 na robo ambazo hazipo duniani. Njia hii ni ya kale sana. Kwenye kuta za hekalu la Horus huko Edfu, kusini mwa Misri, zimechongwa orodha za mashamba ya hekalu toka zama za wafalme wa ukoo wa Ptolemaio, na maeneo yake yamekokotolewa hivihivi. Shamba la pembetatu waliliandika kama pembenne ambayo upande wake wa nne ni hakuna. Jambo la kukumbuka ni kwamba njia hii inakosea upande mmoja siku zote. Haipunguzi kamwe. Inakuwa sahihi pale tu kona zote zikiwa mraba, na kadiri kiwanja kinavyoegemea ndivyo inavyozidisha. Kwa hiyo siku zote anayeuza anafaidi na anayenunua anaumia. Nikimkuta mtu analipia kiwanja kwa hesabu hiyo, namsimamisha.

Kosa la pili ni la kuzunguka. Urithi ukigawanywa, utasikia, "Wewe shamba lako ni hatua nyingi kuzunguka, kwa nini unalia?" Mzingo si eneo. Kiwanja cha 20 kwa 20 kina mzingo wa mita 80 na eneo la 400. Cha 40 kwa 8 kina mzingo wa mita 96, mrefu zaidi, na eneo la 320 tu. Proklo, mwalimu wa falsafa wa Athens katika karne ya 5, alipokuwa akimfafanua Euclid aliandika kuhusu watu waliogawana ardhi na wenzao wakawapa vipande vyenye mzingo mkubwa, wao wakachukua vyenye eneo kubwa, na bado wakasifiwa kwa uaminifu. Wanaoumizwa na jambo hili kwetu mara nyingi ni wajane na watoto wa kike, wanaopewa ukanda mwembamba mrefu wa kandokando ya njia, halafu wanaambiwa wameshinda.

Viwanja vyenye pembe zaidi ya nne vinafuata sheria moja nyepesi. Pembetatu inahitaji vipimo 3. Kila kona unayoongeza inadai vipimo 2 zaidi, upande mmoja na ulalo mmoja. Basi pembenne ni 5, pembetano 7, pembesita 9. Parseli ya njia panda ambayo kona yake imekatwa ili magari yaonane ni pembetano: pande 5 na milalo 2. Shamba linalofuata mto linaweza kuwa na kona kumi. Hapo kuna pande 10 na milalo 7, na pembetatu 8 ndani yake. Kazi ni kubwa lakini ni ileile. Wapimaji wa ramani za dunia nao hawakuwa na ujanja mwingine kwa karne nyingi. Mnyororo wa pembetatu unaofuata longitudo ya nyuzi 30, toka Afrika Kusini hadi Misri, ulianza kupimwa karne ya 19 na kukamilika mwaka 1954, ukipita pande hizi zetu za maziwa makuu, pembetatu baada ya pembetatu, toka mlima hadi mlima.

Kuna tahadhari moja ambayo namba peke yake haiitatui. Kona ikiingia ndani badala ya kutoka nje, labda kwa sababu jirani ana kisima pale, vipimo vitano vinaweza kuchorwa kwa namna mbili: pembetatu mbili zikitazamana pande mbili za ulalo, au moja ikikunjwa juu ya nyingine. Kwa hiyo mchoro ni lazima, hata wa mkono. Na milalo yote miwili ikipimwa ni bora zaidi, ule wa pili unakagua ule wa kwanza. Katika kiwanja cha marehemu, toka B hadi D ilipaswa kuwa mita 24 na sentimita 19. Tulipima. Ilikuwa ndani ya sentimita tatu.

Kule kwenye mji wa Fizi wenyewe, milimani, kuna shida nyingine ambayo sisi wa ufukweni hatuijui sana: mteremko. Ramani na vyeti huhesabu ardhi kama inavyoonekana toka juu, ikiwa tambarare. Ukilaza utepe kwenye mteremko wa nyuzi 20 na kusoma mita 30, kwa usawa ni mita 28 na sentimita 19 tu. Dawa yake ni kupima kwa ngazi: vuta utepe ukae sawa kwa vipande vifupi, shusha timazi toka ncha iliyo hewani, weka kigingi pale lilipogusa, endelea toka hapo. Inachosha, hasa kwenye mashamba ya mihogo yaliyolala juu ya kilima, lakini milalo iliyopimwa kwa kufuata mgongo wa ardhi haikubaliani na kitu chochote. Na kamba ya nailoni isiaminiwe kutoa kipimo, inavutika. Itumike kukaza mstari tu, kipimo kitoke kwenye chuma.

Vijana siku hizi wananiambia, "Mwalimu, simu inapima yenyewe." Ni kweli, mtu anazunguka kiwanja na simu inamtajia eneo. Kwa shamba la hekta kadhaa inafaa. Kwa parseli ya 20 kwa 30 siikubali, kwa sababu simu ya kawaida, hata mahali palipo wazi, inaweza kukosea mahali uliposimama kwa mita kadhaa, hadi tano, na zaidi ukiwa chini ya miembe. Kosa la mita tatu kwenye kila kona ya parseli ndogo ni ule ule ugomvi wa minyaa, safari hii ukiwa na skrini.

Karatasi ninayowaandikia wanaoniomba huanza kwenye kona ya barabarani iliyo kushoto ukitazama kiwanja, hiyo ni A, kisha inazunguka kuelekea mkono wa kulia, B, C, D. Kwa kila kona naandika kilichopo: jiwe, mti, kona ya nyumba ya nani. Nafuatisha pande nne, halafu milalo miwili, AC na BD, halafu umbali wa A na wa B hadi vitu viwili visivyohama, kama daraja la mfereji na ukuta wa kanisa, ili hata mawe yenyewe yakiondolewa yaweze kurudishwa. Chini yake mchoro, majina ya majirani wa kila upande, na sahihi zao. Nakala tatu: muuzaji, mnunuzi, na mmoja wa majirani. Milalo miwili inahitaji watu wawili wa kushika utepe na mmoja wa kufyeka njia katikati ya mihogo, na isipokuwa kiwanja kina nyumba katikati, dakika 10 zinatosha. Nyumba ikiwepo katikati, tunachagua nukta moja nje, pale kona zote zinapoonekana, tunapima toka hapo hadi kila kona, na pembetatu zinarudi zilezile.